Walii Yuko Baharini

Wete, Aprili 12

Mdogo wangu Nyange,

Assalamu alaykum. Huku tu wazima, ila magoti yangu, na hayo uliyaacha hivyo hivyo. Mvua imeanza siku ya pili ya Idi na mpaka leo haijavuta pumzi. Jikoni panavuja, nimetega sufuria. Mbuzi amezaa mapacha. Burhan wa duka la vyombo anakusalimu. Mkewe Bi Sarrah naye anasema lile friji ulilomwelekeza kwa simu namna ya kulitengeneza sasa linagandisha kila kitu, siagi anaipasua kwa nyundo. Msalimu wifi yangu Shamima, mwambie khanga zimefika na maneno yake nimeyafahamu vizuri.

Utashangaa kupata barua zama hizi. Simu yako, Nyange, ni simu ya ajabu. Nikisema habari za mbuzi inasikia. Nikisema habari za mvua inasikia. Nikiuliza utakuja lini, mtandao unakatika. Nimechoka nayo, sasa nnaandika, na barua hii anakuletea dereva wa lori la ndizi.

Haya, habari yenyewe ni kwamba nimeposwa. Soma hapo hapo uliposimama, usitafute kiti. Aliyeniposa ni Rajab wa kule kisiwani Fundo, fundi wa mashine za boti, yule mrefu niliyekusimulia, aliyetutengenezea pampu ya kisima akakataa hata chai. Mkewe alifariki, na mimi eda ya marehemu mume wangu nimeimaliza zamani mpaka watu wameisahau. Nimemkubali. Nnampenda, nakwambia wazi, mimi si kigori wa kuona haya.

Baba hayupo, baba wadogo hawapo. Walii wangu aliyebaki duniani ni wewe peke yako. Nataka uje Wete, ukae kitako mbele ya Shehe, umshike Rajab mkono, uniozeshe. Watu wa Fundo wanataka jambo hili liishe kabla ya Sikukuu ya Mfunguo Tatu, Idi ya kuchinja, maana kaka yake Rajab, Mzee Silima, keshaanza kumtajia mwanamke mwengine wa Tanga. Usilifanyie mzaha.

Tangu uoe huko Unguja hujatia mguu Wete. Miaka yote mimi ndiye ninayepanda boti kuja kwako na magoti haya. Safari hii nyanyuka wewe.

Dada yako,
Ummkulthum

*

Unguja, Jang'ombe, Aprili 27

Kwa dada yangu mpenzi Bi Ummkulthum,

Baada ya salamu nyingi zisizo na idadi, natumaini hujambo na mapacha wa mbuzi hawajambo. Sisi hapa hatujambo kiasi. Shamima presha inapanda na kushuka, zaidi inapanda nikiwapo nyumbani. Kazi za mafriji pale Darajani zinakwenda, ingawa mvua ikinyesha watu hawaleti friji, wanasema baridi inatosha. Mwambie Bi Sarrah aizungushe ile namba ndani ya friji kuelekea kushoto. Kushoto kwake yeye, si kwa friji.

Barua yako nimeipokea kwa mikono miwili. Nimefurahi, Dada. Nimefurahi sana. Siku ile ile nilikwenda bandarini Malindi kukata tiketi, na nisingependa mtu yeyote aseme kwamba sikwenda. Nilikuta tangazo limebandikwa dirishani: safari zote za Pemba zimesimamishwa kwa sababu ya upepo mkali na mawimbi makubwa. Nilisikitika kupita kiasi. Nilisikitika mpaka nikaagiza urojo nikaula pale pale nimesimama. Kesho yake nikarudi, tangazo bado lipo. Keshokutwa yake lipo. Mimi si mtu wa kubishana na serikali, nawe unanijua.

Kuhusu ndege, nimeifikiria kwa makini. Lakini wanampima abiria kwenye mizani kama gunia la karafuu, kisha wanakwambia wewe kaa nyuma, wewe kaa karibu na rubani, ili ndege isilale upande. Chombo ambacho mimi nikihama kiti kinaweza kulala upande, hicho si chombo cha kwendea harusini.

Ila dini yetu ni nyepesi, alhamdulillahi. Nimemuuliza imamu wa hapa mtaani, anasema ninaweza kuandika karatasi ya wakala, nikampa Shehe wenu uwakala akuozeshe kwa niaba yangu. Ni jambo halali na la haraka. Karatasi haisumbuliwi na mawimbi. Wewe niambie tu, naiandika hata leo.

Kuhusu Bwana Rajab, tutazungumza tukionana. Wasalimu wote wanaoniulizia, na wasioniulizia waache.

Ndugu yako,
Nyange

*

Wete, Mei 8

Nyange,

Salamu zako zimefika. Mbuzi mmoja wa wale mapacha kafa, mwengine anakula khanga. Bi Sarrah kazungusha ile namba kushoto kwake na sasa friji linapiga kelele kama mtu anayesukutua mdomo. Anakusalimu hivyo hivyo.

Karatasi ya wakala siitaki. Nimekwenda kwa Shehe Mgeni mwenyewe kumuuliza. Alinikalisha na mashahidi wawili, akataka nitamke kama Rajab nimemridhia, nikatamka. Akasema basi, mwanamke mzima akishatamka hivyo yamebaki ya walii. Akasema wakala inafaa. Akasema pia kwamba walii akiwa mbali masafa ya safari, Kadhi anaweza kuniozesha bila ya kukungoja, na kutoka hapa mpaka Jang'ombe ni masafa hayo na zaidi. Kwa hiyo fahamu vizuri, Nyange. Sheria haikuhitaji. Mimi ndiye ninayekuhitaji.

Aliponioza Baba kwa marehemu, nilikuwa chumba cha ndani, mlango umeachwa wazi kidogo, namsikia anavyokohoa kabla ya kusema. Wewe ulikuwa mdogo, umelala na viatu vipya. Sasa tumebaki wawili. Nataka atakayeniozesha awe mtu wa kwetu, nimsikie.

Na habari ya upepo iwache. Upepo ulikuwepo, sikatai, juma zima la mwisho wa Aprili hapakuingia hata mtumbwi. Lakini tangu mwanzo wa mwezi huu boti zimeingia, nimeziona kwa macho. Burhan kapokea magodoro yake na majiko ya gesi. Kateremka mwalimu wa skuli. Kateremka bibi mmoja na majogoo. Nilisimama pale bandarini na mwavuli mpaka akateremka wa mwisho, na wa mwisho alikuwa baharia anakwenda kununua sigara. Wewe humo. Rajab alikuwa amesimama na mimi. Alinishikia mwavuli tu, na mimi niliona aibu kwa ajili yako.

Basi nakuuliza na unijibu. Rajab humtaki? Kama una neno juu yake, liseme. Kukaa kwako kimya kunaniumiza kuliko neno lolote.

Dada yako

*

Unguja, Mei 15

Dada Ummkulthum,

Pole na msiba wa mbuzi. Shamima anasema anayekula khanga apewe chumvi. Mwambie Bi Sarrah friji likipiga kelele maana yake lipo hai, tatizo ni likinyamaza.

Umeniandikia kwa ukali, na mimi nakujibu kwa upole kwa sababu ya heshima yako. Ni kweli boti ziliingia Wete. Lakini bahari ya Wete ni moja na bahari ya kutokea Unguja ni nyengine. Huku asubuhi zinasimamishwa, adhuhuri zinaruhusiwa, alasiri zinasimamishwa tena, na mtu hajui avae viatu gani. Mimi tangu barua yako ya kwanza nimehamia bandarini. Naondoka nyumbani na begi alfajiri, narudi jioni. Tumekuwa watu wengi tuliokwama na tumezoeana. Yupo bwana mmoja na godoro lake, kila siku analifungua analala, jioni analifunga. Nimewatengenezea friji la soda la pale kibandani, sasa wananiita mkubwa wao. Kila asubuhi wananiuliza, "Mzee Nyange, leo itakwenda?" Natazama juu, nasema haitokwenda. Mara nyingi nakuwa sahihi. Siku ninazokosea nawaaga mmoja mmoja, nawasaidia na mizigo mpaka kwenye ngazi, nasimama nawapungia mkono.

Usidhani sikujaribu. Wiki iliyopita nilipanda kabisa. Nilikaa kitini, begi mapajani. Akapita baharia anagawa mifuko ya kutapikia, na boti bado imefungwa kamba gatini. Nikamuuliza, mbona mapema hivyo? Akanambia, "Leo, mzee, utaniomba na wa pili." Sasa mtu akikwambia maneno hayo wewe unafanya nini? Pale pale nikakumbuka kwamba kofia yangu ya harusi nimeiacha nyumbani. Nikateremka kuifuata. Boti haikunisubiri. Kofia ilikuwemo begini, lakini hilo nililijua baadaye.

Hilo la Bwana Rajab nimesema tutazungumza uso kwa uso. Si jambo la kuandika. Usiniwekee maneno mdomoni.

Shamima ameisoma barua yako. Nilikuwa nimeificha, akaiona. Tangu juzi hasemi na mimi, ananiwekea chakula na kugeuka.

Nyange

*

Wete, Mei 20

Nyange,

Wa alaykum salaam. Mbuzi mzima.

Mzee Silima kaja leo kutoka Fundo. Kakaa barazani kwangu, kala halua yangu sahani nzima, kajifuta mikono, ndipo akasema. Anasema mwanamke ambaye ndugu yake wa tumbo moja hataki kuja kumwozesha, basi huenda ndugu huyo anajua jambo ambalo watu wa Fundo hawalijui. Umesikia? Mimi, umri huu, ninafanyiwa uchunguzi kwa sababu yako. Anasema mwisho wake ni Ijumaa ya tarehe thelathini, kabla ya Sikukuu. Siku hiyo pasipokuwa na ndoa, Rajab atasindikizwa Tanga. Rajab alikuwepo, akasema, "Kaka, mimi siendi Tanga." Silima akamwambia anyamaze, na wewe unajua kule kwao mkubwa akishasema anyamaze.

Shehe Mgeni kanambia twende kwa Kadhi, shughuli ya nusu saa. Nimekataa tena. Watu wananiona mpumbavu. Na mimi najiona mpumbavu, lakini siwezi. Nikiozeshwa na Kadhi wakati ndugu yangu yu hai anagawa habari za upepo bandarini, mimi itakuwa sina ndugu, na hilo sitaki liandikwe mahali popote.

Kwa hiyo Jumapili nakuja. Bandari ya Wete mawimbi yanairuka, wanasema boti zitaishia Mkoani, basi nitakwenda Mkoani kwa gari. Nitafika hapo Jang'ombe, nitakushika mkono mbele ya mkeo, nitakupakia kama mzigo. Usiondoke nyumbani.

Ummkulthum

*

Wete, Mei 31

Dada yangu mpenzi,

Usishangae kuona Wete hapo juu. Ninaandika juu ya meza yako, kwa kalamu yako, na paa la jikoni kweli linavuja. Barua anakuletea muuguzi mmoja anayepanda ndege ya kwanza, maana boti zote zimesimama na mnara wa simu umelazwa na upepo tangu wiki iliyopita. Yeye kapimwa kwenye mizani na hakulalamika.

Nieleze kwa mpango. Jumatano ile ya tarehe ishirini na moja nilirudi kutoka bandarini nikakuta mlango umefungwa kwa ndani. Nikagonga. Shamima akasema kupitia dirishani kwamba nyumba hii wanalala watu waliokwisha kuozesha dada zao. Akanitupia kofia. Dada, nililala barazani na mbu. Asubuhi nikaenda nikapanda boti, na safari hii kofia nilikuwa nimeivaa, sikuwa na la kufuata.

Baharia alisema kweli, niliuomba na mfuko wa pili. Tulifika mbele ya Wete mchana. Niliuona msikiti, nikaliona na paa la Burhan. Nahodha akajaribu kuingia mara moja, akajaribu tena, mawimbi yakaisukuma boti pembeni, akatangaza kwamba hapaingiliki na tunaendelea na safari. Abiria mmoja akauliza, tunaendelea kwenda wapi? Akajibiwa, Tanga. Basi nikaenda Tanga, mji ambao sina mtu wala haja. Tukakaa huko tunangoja bahari itulie, na Jumatatu boti ikatushusha Wete asubuhi. Nimebusu ardhi, na ilikuwa tope.

Nikaja mbio mpaka mlangoni kwako, nikagonga. Akatoka Bi Sarrah upande wa pili na funguo, ananitazama kama maiti aliyerudi kudai sanda. Akasema, "Nyange? Dadako kapanda boti jana Mkoani, kakufuata wewe." Adhuhuri tangazo likatoka, bahari imefungwa. Wewe kule, mimi huku.

Alhamisi wakaingia watu wa Fundo kwa boti ndogo, wamerowa mpaka kwenye soksi, Silima mbele. Kaniona, kachukia, maana alikuwa keshajitayarisha kwa safari ya Tanga. Tukaenda kwa Shehe Mgeni. Mimi nikasema ndoa iahirishwe, bibi harusi hayupo. Shehe akanitazama. "Walii yupo?" Nipo. "Mume yupo?" Yupo, anakamua kanzu. "Mashahidi?" Wapo. "Ridhaa ya mke nimeisikia kwa masikio yangu haya. Sasa anakosekana nani?" Nikasema anakosekana bibi harusi. Akasema, "Huyo hakai kwenye kikao hata siku za jua."

Basi jana, baada ya sala ya Ijumaa, hapa barazani kwako, nimekuozesha. Wewe ni mke wa Rajab. Hongera.

Wanawake wa mtaani hawakukubali mambo yaishe hapo. Wakasema bwana harusi lazima aingizwe ndani akamwekee mkewe mkono kwenye paji la uso na kusoma dua. Tukawaambia mkewe yuko Unguja. Wakasema hayo si yao. Wakamwingiza Rajab chumbani kwako kwa vigelegele, akaiona khanga yako imetundikwa msumarini, akaiwekea mkono juu, akasoma dua yote mpaka mwisho, polepole. Bi Sarrah alilia. Hata Silima alitazama pembeni.

Kisha fungate. Vyakula vya siku saba vilikwishaagizwa, kila nyumba ina siku yake, na hakuna aliyekubali kurudisha nyuma. Kwa hiyo hivi sasa tuliomo fungate ni mimi na mumeo. Tumekatazwa kutoka. Asubuhi linaingia sinia la mikate ya kumimina na mchuzi wa kuku, mchana biriani, na kila anayeleta anachungulia kuona kama tunakula vizuri. Rajab hasemi sana. Amelitengeneza friji la Bi Sarrah, likaletwa humu humu, nami nikamshikia taa.

Nyange

*

Unguja, Jang'ombe, Juni 3

Nyange,

Wa alaykum salaam. Wifi yangu hajambo, mkeo hajambo, na ni mtu yule yule mmoja, na hivi sasa ananichekea hapa mpaka kashika ukuta.

Nilifika hapa Jumapili usiku, nimetapika njia nzima. Nikagonga, Shamima akafungua, nikasema, "Mtoe huyo mume wako." Akasema, "Si nimemtuma kwako tangu Alhamisi?" Tukatazamana, tukaingia ndani tukafunga mlango. Kesho yake nikaenda bandarini kutafuta boti ya kurudi, maana ndege imejaa mpaka baada ya Sikukuu. Nikakutana na bwana wa godoro. Anakuulizia. Anasema tangu uondoke hawajui kama leo itakwenda ama haitokwenda.

Kwa hiyo Ijumaa nilikuwa mke wa mtu tangu saa saba na nusu, na mimi nimekaa hapa na Shamima tunachambua mchele na kuwasengenya nyinyi. Ile saa sikuhisi kitu chochote. Nilitoa mawe tu. Barua yako ilipofika nilicheka kwanza. Ile ya khanga ikanitoa machozi, na Rajab mwambie khanga ile asiifue.

Halafu nikakasirika, na hasira hiyo bado ninayo. Unajua nilichokingojea. Kuolewa tu, Kadhi angeniozesha tangu mwanzo wa Mei na nikala halua yangu mwenyewe. Nilingoja nikae chumba cha ndani nikusikie. Nimekungoja, nimedharauliwa kwa ajili yako, na siku uliyosema maneno yale Wete nzima imeyasikia isipokuwa mimi.

Sasa niandikie ulisema nini. Neno kwa neno. Usiniletee friji wala mvua. Na uniambie kwa nini ulichelewa. Kama Rajab ulikuwa humtaki, umeshamwozesha, sema tu, hakuna kitakachoharibika.

Ummkulthum

*

Wete, Juni 5

Dada,

Salamu nyingi. Watu wote wazima. Sikukuu ni keshokutwa na mimi sina hata shati.

Umenambia nisilete mvua, lakini bila ya mvua sitaweza kukueleza. Baraza lako limeezekwa bati. Tulipokaa kitako, Shehe katikati, Rajab mbele yangu goti kwa goti, ikashuka mvua ambayo mtu hawezi kujisikia anavyofikiri. Nikamshika Rajab mkono. Mkono wake ni mgumu na una grisi isiyotoka. Nikakohoa kama Baba. Nikasema, "Ewe Rajab, nakuozesha dada yangu Ummkulthum binti Faki," na nilipofika hapo kwenye jina la Baba sauti ikanikatika. Sikuweza kuendelea. Shehe akasema, "Sijasikia." Nikaanza tena, nikakwama pale pale. Silima akainama akamuuliza jirani yake kama mimi ni mgonjwa. Rajab hakuuachia mkono wangu, wala hakunitazama, alingoja tu kama mtu anayengoja mashine ishike.

Mara ya tatu nikapiga kelele. Sikusema, Dada, nilipiga kelele kulishinda bati: "Nakuozesha dada yangu Ummkulthum binti Faki kwa mahari mliyokubaliana." Burhan anasema amenisikia dukani. Mwadhini kasikia. Watu waliokuwa wamejibanza barazani kwa jirani wakaitikia amin bila ya kujua wanaitikia nini. Rajab naye ikabidi apige kelele kwamba amekubali. Ndivyo ulivyoolewa, kwa makelele, kama watu wanaonunua samaki. Nikalia mbele ya watu wa Fundo na sikuona aibu.

Na huku kuchelewa. Rajab sikuwa simtaki. Sikumjua hata nisimtake, na sasa namjua, nakwambia umepata mtu. Mimi naogopa maji, Dada. Sijapata kuzama wala sijaona mtu akizama, sina kisa cha kukupa. Naogopa tu. Nikisikia mashine ya boti inawaka nakumbuka kitu nilichokiacha nyumbani. Nimeogopa miaka yote hii nikisema kazi nyingi, na wewe unakuja na magoti yako unaniletea ndizi na halua, unanipa pole ya kazi nyingi, nami naipokea. Ilikuwa rahisi udhani sikujali kuliko ujue ninaogopa.

Ile siku tulipopitishwa mbele ya Wete tukapelekwa Tanga, baharia mwenye mifuko alidhani nalia kwa woga. Woga nilikuwa nao. Lakini nililia kwa sababu niliuona mji wetu unakuja, nikahesabu paa mpaka nikalijua letu, kisha nikauona unarudi nyuma na mimi sijashuka.

Bi Sarrah kaja sasa hivi na habari kwamba boti zitaruhusiwa baada ya Sikukuu. Mtaa mzima umefurahi. Rajab kanyoa. Mimi nimemtuma Burhan aniulizie kile kibanda kitupu kilicho nyuma ya duka lake, naona kinatosha kwa mafriji. Wewe panda boti ya kwanza, mumeo atakuwa bandarini tangu alfajiri, nami nitasimama nyuma yake, mbali kidogo na maji. Mwambie Shamima afunge vyombo na nguo na aje pamoja nawe. Mwambie sikasiriki kwa usiku ule wa barazani.

Mimi kurudi sirudi. Nimekwishafika.

Ndugu yako, walii wako,
Nyange Faki